Siku Kikwangua Kiliponyamaza

16 Februari
Upepo: magharibi.

Leo ndiyo siku ya kwanza ya mwaka sheria inapowaruhusu watu kumwaga samadi ya maji malishoni, na jimbo zima la Gelderland, hapa Uholanzi, limeamka na matangi nyuma ya matrekta. Baba aliwatangulia wote. Kabla sijamaliza kahawa alikuwa ameshaanza kukoroga shimo lililo chini ya banda: tope la miezi sita, kinyesi na mkojo vilivyolala pamoja chini ya miguu ya nguruwe tangu majani yalipopukutika. Likikorogwa, hewa inayotoka huchoma macho. Ng'ambo ya mtaro, upande wa mashariki, nilimwona mzee Kappert akifunga madirisha, moja baada ya jingine, bila haraka, kama mtu anayejua idadi yake.

Mama huwaambia watu kwamba nimesoma miaka sita ili nguruwe wasinuke. Nguruwe hanuki. Kinachonuka ni uvivu wetu wa kuacha kinyesi na mkojo vikutane na kukaa. Vitenge mapema, amonia itakosa pa kuzaliwa. Elimu yangu yote ni hiyo, ingeenea kwenye kiganja.

Hili ndilo shimo la mwisho kukorogwa hapa. Nguruwe waliobaki wanaondoka wiki ijayo, kisha mafundi wanaingia.

18 Februari
Upepo: magharibi, na mvua.

Mzee Kappert alikuja wakati wa kahawa. Alivua viatu vyake vya mbao mlangoni, akakaa kwenye kile kiti ambacho hakuna mwingine anayekikalia.

"Derk," alimwambia baba, "nimetia saini lile pingamizi linalopelekwa halmashauri dhidi ya banda lako. Nimeona usilisikie kwa watu."

Baba alikoroga kahawa yake, ingawa hatii sukari.

"Ni kifua cha Mieneke?"

"Ni kifua cha Mieneke. Daktari anamwambia afungue madirisha apate hewa. Nikamwuliza, hewa ipi daktari? Ya Derk?"

Baba akacheka. Kappert naye akacheka. Mama akamkatia kipande cha pili cha keki! Halafu mzee akanigeukia mimi.

"Na wewe binti, nasikia umesomea pua."

"Nimesomea samadi, Mzee Kappert."

"Basi fanya haraka. Siku mke wangu atakapolala dirisha wazi, saini yangu nitakwenda kuifuta kwa ulimi."

Alipoondoka nilisema anatuchimbia kaburi huku anakula keki yetu. Baba alinitazama kama nimetukana mezani.

"Ni jirani yetu wa kwanza," alisema.

Kwa wazee hawa neno hilo linamaliza mazungumzo. Jirani wa kwanza hachaguliwi. Nyumba ilishachagua zamani. Ndiye aliyeleta mkate mrefu wa zabibu nilipozaliwa. Ndiye atakayesuka lango la matawi ya msonobari siku nikiolewa. Mtu akifa, ndiye anayefumba macho ya maiti, anayepeleka habari nyumba kwa nyumba, anayeshika kazi zote za shamba mpaka mazishi, maana wafiwa hawagusi kazi. Kappert alilibeba jeneza la babu. Baba aliyabeba majeneza ya wazazi wa Kappert. Na kati ya jeneza na jeneza, huyo mtu anakwenda halmashauri kutufungia banda.

Nimeandika haya kwa hasira na sitayafuta.

3 Machi
Upepo: mashariki. Mafundi hawakuja.

20 Machi
Upepo: mashariki, baridi kavu.

Banda ni tupu, na ndani yake sauti yangu inarudi. Chini ya sakafu ya mianya, pale palipokuwa na shimo la kina kirefu, sasa kuna mifereji ya kina kifupi yenye mteremko pande zote mbili. Mkojo utatiririka hadi katikati na kutoka kwa bomba kwenda kwenye tangi lililofungwa. Kinyesi kitabaki juu ya mteremko, na kila baada ya saa chache kikwangua, ubao wa chuma unaovutwa kwa mnyororo, kitakisukuma nje hadi kwenye ghala lenye kifuniko. Hakuna kitakacholala.

Baba alisimama mlangoni na mikono mifukoni.

"Na huo mnyororo ukikatika?"

"Hautakatika ukiachwa ufanye kazi. Kinyesi kibichi ni laini. Kikikaa siku kadhaa ndipo kinashikana."

"Babu yako alikuwa na koleo. Koleo halikatiki."

"Babu alikuwa na nguruwe kumi, Baba."

"Na majirani waliomsalimia."

Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana limenikaa.

9 Aprili
Upepo: magharibi.

Kikwangua kimeanza kazi na nguruwe wapya. Kinalia: mlio wa chini wa mota, kisha mnyororo kugonga chuma, taratibu, mpaka mwisho wa banda, halafu kimya, halafu tena. Jikoni kinasikika. Mama anasema ni kama kuishi na mtu anayesaga meno.

Bibi, ambaye hatoki tena kitandani, aliniuliza ni nini. Nikamwambia. Akafikiri.

"Kwa hiyo ni saa," alisema. "Saa ya nguruwe."

20 Aprili, Pasaka
Upepo: magharibi, hafifu.

Moto wa Pasaka uliwashwa malishoni kwa jirani Wissink. Baba na Kappert walisimama bega kwa bega, nyuso zikiwaka, hawakuzungumza jioni nzima, wakarudi wameridhika. Siwaelewi.

24 Aprili
Upepo: magharibi.

Halmashauri imepanga siku ya kupima: tarehe 13 Mei. Watakuja watu wawili na mifuko, wataijaza hewa ya bandani na kuipeleka maabara, ambako watu waliochaguliwa kwa ajili ya pua zao watainusa. Tukiwa chini ya kipimo, kibali kinaendelea. Tukizidi, banda linafungwa kabla ya vuli, na baba, ambaye hajawahi kufanya kazi nyingine hata siku moja, atakuwa mzee anayekaa dirishani.

Leo niliingia bandani na kufumba macho. Maji ya chakula, vumbi, joto la ngozi. Nilivuta pumzi mpaka ndani na hakuna kilichonichoma. Nilikaribia kulia, jambo la kipuuzi mbele ya nguruwe mia tano.

2 Mei
Upepo: magharibi siku nzima, na dirisha la Mieneke lilikuwa wazi. Nililiona mimi mwenyewe. Wazi!

10 Mei
Bibi amefariki asubuhi, mama akiwa amemshika kiganja. Sikutazama upepo.

11 Mei
Upepo: sijui.

Mama alikwenda mwenyewe kwa Kappert jana, kwa miguu, bila koti, kama inavyotakiwa. Alirudi na mzee nyuma yake, amevaa suti nyeusi, na tangu hapo nyumba si yetu. Mzee alisimamisha saa ya ukutani sebuleni kwa kidole, kwa upole, kama mtu anayemnyamazisha mtoto. Akakifunika kioo, kama desturi ya msiba inavyotaka. Mieneke, na kifua chake kile na mtungi wake wa oksijeni wa kuvuta kwa magurudumu, alikuja kumwosha Bibi pamoja na mke wa Wissink. Alikuwa anapumzika kila baada ya kumvalisha mkono mmoja. Nilitaka kusaidia. "Kaa, mwanangu," alisema. "Wewe leo ni mfiwa. Mfiwa anakaa."

Kappert alikwenda bandani kuwapa nguruwe taarifa. Kweli kabisa. Mama alimwona kupitia dirishani akivua kofia na kusema nao. Kwa kina Kappert hata mifugo huambiwa, la sivyo nayo hufa. Nilicheka, kisha nikaona mama hacheki.

Suala la kipimo cha Jumanne tulilizungumza dakika moja tu. Mama aliuliza kama tuombe waahirishe. Nilisema hakuna haja, banda linajiendesha lenyewe, mzee Kappert atawafungulia mlango tu. Baba akaitikia kwa kichwa. Hatuendi bandani mpaka azikwe.

Mchana nilikaa peke yangu na Bibi. Sijawahi kusikia nyumba hii ikiwa na utulivu namna hii. Hakuna saa, hakuna mlio wowote, hata nje. Niliona huo ndio uzuri wa desturi: kwamba kuna watu wanaokuja kukunyamazishia dunia. Nilifikiri nimekuwa mkali mno kwa Kappert.

13 Mei
Upepo: mashariki.

Watu wa kipimo walikuja, nikawaona kupitia pazia. Kappert alisimama mlangoni mwa banda, kofia mkononi, akawafungulia kama shemasi. Hawakukaa muda mrefu. Mmoja alitoka akiwa ameziba pua kwa kiwiko. Nikadhani ana mafua.

15 Mei
Upepo: magharibi, jua.

Naandika usiku.

Tulimzika Bibi asubuhi. Majirani sita walibeba, Kappert mbele kushoto, mahali pa jirani wa kwanza. Ana miaka sabini na mmoja, na jeneza halikuyumba. Baada ya kaburini tulikaa kwenye ukumbi wa kanisa kula mkate na nyama ya paja na kunywa kahawa, na watu wakaanza kucheka kidogo, kama wanavyofanya hatari ikishapita. Kappert alikuja kukaa kando yangu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Alikuwa mwanamke mkimya, bibi yako," alisema. "Nikajiambia, Tonnie, huyu lazima alale kwa utulivu. Nilisimamisha kila kinachotembea. Saa ya sebuleni. Saa ya jikoni. Na lile kwangua lako la bandani."

Nilikuwa na kipande cha mkate mdomoni.

"Lini, Mzee Kappert?"

"Siku ileile! Ningeliachaje? Linagonga kama jeneza linapigwa misumari, na maiti amelala ukuta wa pili." Akanishika mkono. "Usiwe na wasiwasi, nguruwe wamekula, wamekunywa. Kwangua utaliwasha mwenyewe ukirudi. Sikuligusa zaidi ya swichi."

Akasubiri. Alikuwa ananiangalia kama mtoto aliyekuletea kitu alichokichora.

"Asante," nilisema.

Nilirudi nyumbani kabla ya wengine, nikaenda bandani na nguo za msiba. Niliisikia ile hewa inayochoma macho kabla ya kuushika mlango. Siku tano kinyesi cha nguruwe mia tano kimelala juu ya mifereji isiyo na kina, kimeziba tundu la mkojo, mkojo umepanda, vimechanganyika, vimefurika mpaka juu ya mianya. Nguruwe walikuwa wamelala ndani yake. Kimeshikana kama udongo wa matofali. Niliwasha kikwangua. Kilivuta, kikalia, kikavuta, na mnyororo ukakatika kwa mlio kama wa bunduki.

Na huyu mzee aliingia humu mara mbili kila siku. Aliingia, akavuta hewa hii, akalisha, akatoka, na hakuona kitu cha ajabu. Kumbe kwake hivi ndivyo tunavyonuka siku zote.

16 Mei
Koleo. Baba, mama, mimi.

22 Mei
Upepo: magharibi. Mnyororo mpya. Kikwangua kinafanya kazi. Dirisha la Mieneke limefungwa.

30 Mei
Majibu yamekuja. Tumezidi kipimo mara tatu. Baba alisoma, akakunja karatasi, akaenda kulisha.

2 Juni
Upepo: magharibi, mvua ya vipindi.

Tuna haki ya kuomba kipimo cha pili, lakini lazima tueleze kilichotokea, na mwisho ni tarehe 6. Nilileta jambo hilo mezani, kwenye viazi na mboga ya rubabu.

"Tuandike kimeharibika," alisema mama. "Mashine huharibika."

"Mama, tukiandika kimeharibika watasema hicho ni kifaa cha kuharibika. Watatunyima palepale. Ukweli tu ndio unaotusaidia. Mtu alikizima kwa mkono."

"Mtu gani?" aliuliza baba.

"Unamjua."

"Nakuuliza utaandika jina gani kwenye hiyo karatasi."

"La Kappert."

Baba aliweka uma chini. "Mama yangu alikuwa amelala ndani ya nyumba hii. Yule mtu aliacha mke mgonjwa, akaja kutubebea kazi na kutubebea maiti. Na wewe umpeleke halmashauri? Kwa lile alilomfanyia mama yangu?"

"Ametufungia banda!"

"Alisimamisha saa."

"Halafu utafanya nini, Baba? Vuli ikija, utafanya nini asubuhi?"

Swali hilo lilikuwa katili, na niliuliza nikijua. Aliangalia nje kwenye mvua.

"Jirani haambiwi kwamba amekosea akiwa kwenye zamu ya maiti," alisema hatimaye. "Haambiwi hata baada ya miaka. Mimi siandiki, na wewe huandiki."

Miezi hii yote nilidhani ni mkaidi. Leo nimemwona akiutoa uhai wake kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, na sikuona uzuri wowote, niliona kosa kubwa lililovaa suti nyeusi. Tunanuka kwa sababu ya heshima. Tutafungwa kwa sababu ya heshima. Na Kappert atakufa akiamini alitutendea wema, na kwamba saini yake ilikuwa ya haki.

4 Juni
Upepo: kusini.

Nimekwenda.

Kappert alikuwa jikoni anamenya viazi. Mieneke alikaa kando ya dirisha lililofungwa, mrija puani. Alifurahi kuniona. Nilikataa kahawa, na hapo mzee alijua kuna jambo, maana hapa anayekataa kahawa ni polisi au mchungaji mwenye habari mbaya.

Nilimweleza kama nilivyofundishwa kueleza, hatua kwa hatua: mifereji haina kina, kikwangua ndicho banda zima, kikisimama siku moja harufu inarudi, siku tano ni maafa. Kwamba watu wa mifuko walikuja siku ya tatu. Kwamba tarehe 2 Mei mke wake alilala dirisha wazi kwa upepo wa magharibi, na halikuwa bahati tu.

Hakunikatiza. Ganda la kiazi lilirefuka, likaanguka.

"Kumbe," alisema.

"Tonnie," alisema Mieneke.

"Nilidhani..." Akaangalia kisu. "Nilipoingia mle nilijiambia, masikini Derk, ndiyo maana watu wanalalamika. Nikamhurumia."

"Najua, Mzee Kappert."

"Baba yako anajua umekuja?"

"Hapana."

"Ndivyo nilivyofikiri." Aliniangalia, na sikuona hasira. Ingekuwa hasira ningepumua. "Umefanya sawa, mwanangu. Mtu aliyesoma lazima aseme. Hiyo karatasi msiiandike. Kesho nitakwenda mwenyewe."

Mieneke aligeuza uso dirishani. Sikusindikizwa mpaka mlangoni. Siku zote walinisindikiza mpaka mlangoni.

5 Juni
Upepo: kusini.

Alikwenda kwa baiskeli, amevaa ile suti nyeusi. Nilimwona akipita. Hakutazama nyumba yetu. Baba, aliyekuwa anang'oa magugu, alisimama wima kumpungia mkono, akabaki na mkono hewani.

Usiku huu baba amejua. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mpaka leo tulikuwa na jirani," akapanda kulala.

9 Juni
Upepo: magharibi.

Halmashauri imekubali kipimo cha pili. Ilikubali haraka. Mzee alisimama mbele ya meza yao akaeleza yote, na alipofika kwenye kuwaambia nguruwe habari ya msiba, karani alishindwa kujizuia, na kabla ya jioni kijiji kizima kilikuwa nayo. Mama ameyasikia dukani. Wanamwita Fundi Saa. Kwenye kilabu cha kulenga shabaha, Wissink kijana alimwinulia bia: "Fundi Saa, yangu inakimbia, njoo uizime! Ila uvue kofia kwanza, ni nguruwe wa heshima!" Chumba kizima kilicheka. Kappert alilipa bia yake, akaiacha nusu.

Amebeba majeneza ya mababu wa hao wote.

17 Juni
Upepo: magharibi, joto kali, siku mbaya kuliko zote kwa kupima. Watu wa mifuko walikuja tena. Niliwafungulia mimi. Yule aliyeziba pua mara ya kwanza aliingia amejiandaa, akatulia, akaangalia sakafu, akaangalia dari.

"Ni banda lilelile?" aliuliza.

Nilisema ndiyo. Nilikuwa nimelisubiri swali hilo miaka sita, na halikuwa na ladha.

27 Juni
Upepo: magharibi.

Tumepita. Chini kabisa ya kipimo. Kibali kinaendelea. Wamesema wangependa kuleta wakulima wengine waje kuona. Mama alinikumbatia. Baba alisema, "Vizuri," na akala, na alipomaliza alisogeza nyuma kile kiti cha Kappert kukipangusa, kisha akakirudisha.

Saini ya Kappert imeondolewa kwenye pingamizi. Alikwenda kuiondoa kabla ya majibu. Hakuja kutuambia.

29 Juni
Upepo: magharibi.

Mieneke amefariki. Tumejua kwa kengele ya kanisa.

Niandike kilichotokea bila kupamba. Kengele ililia baada ya ibada, watu wakiwa wamesharudi makwao, na mlio wa wakati huo una maana moja tu. Baba alitoka nje kutazama. Mapazia ya kwa Kappert yalikuwa yameshafungwa. Alipanda ghorofani, akashuka amevaa koti jeusi na tai, nywele amezilaza kwa maji, akasimama uani. Hawezi kwenda bila kuitwa. Mwenye msiba ndiye anayemwendea jirani wa kwanza, kwa miguu, bila koti. Kwa hiyo alisimama. Mama alitayarisha mkate. Mimi nilitoa vitambaa vya kufunika vioo, kwa sababu kazi hiyo sasa ni yangu, nimeona inavyofanywa.

Tulimsikia mtu njiani. Alikuwa Wissink mzee, jirani wa Kappert wa upande ule mwingine, amevaa suti nyeusi, juu ya baiskeli. Alikuwa anapeleka habari nyumba kwa nyumba. Alipofika kwetu alishuka, akavua kofia.

"Derk, nimetumwa kukuambia Mieneke wa Kappert ametutoka asubuhi hii. Mazishi ni Alhamisi."

"Umetumwa," alisema baba.

"Tonnie aliniomba." Wissink aliizungusha kofia mikononi. "Nilimwambia, nenda kwa Derk, wewe. Akasema hataki kumsumbua Derk, Derk ana mashine za kutunza."

Hakuna tusi katika maneno hayo. Nimeyageuza kila upande na sijaliona.

"Wabebaji?" aliuliza baba.

"Tumetimia," alisema Wissink. Akapanda baiskeli, akaenda nyumba inayofuata. Tulikuwa wa nne kwenye njia yake.

Baba alibaki pale. Kisha akaanza kutembea kuelekea bandani, na koti lake. Nilimtazama akiingia. Kikwangua kilikuwa katikati ya safari yake, mnyororo unagonga. Ghafla kikanyamaza.

Nilielewa mara moja. Ilikuwa ndiyo huduma pekee aliyoachiwa.

Nilisubiri. Niliwaza: siku moja, nani atajua. Kisha nikatazama matawi ya miti ya mipopla, yote yameinamia mashariki, kwenye ile nyumba ambamo Mieneke amelala na, kwa mara ya kwanza tangu Mei, dirisha wazi, maana dirisha la maiti hufunguliwa.

Nilimkuta amesimama mbele ya swichi, mkono bado umeishika, kofia amevua. Nguruwe walikuwa wanamtazama.

"Baba," nilisema, "upepo ni wa magharibi."

Hakugeuka. Nilidhani hakusikia. Mabega yake yalipanda na kushuka ndani ya lile koti, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Aliipenda hewa, Mieneke," na akaiwasha.

Mnyororo ukaanza kugonga. Alivua koti, akalitundika kwenye msumari pale bandani, penye vumbi la chakula, ambapo hakuna mtu anayetundika nguo anayotarajia kuivaa tena, akachukua ndoo.

Nilitoka nje. Mlangoni kwa Kappert watu walikuwa wanaingia na kutoka, weusi, wadogo, na hakuna aliyetazama upande wetu. Upepo ulitoka kwetu ukaenda kwao jioni yote, na haukuwapelekea chochote.